Kukagua vyeo na malipo ya ziada ya wachunguzi wa serikali: mwongozo kwa wakaguzi wa ndani na maafisa utumishi wa Kanda ya Ziwa

Mkaguzi akitumwa kuangalia malipo ya ziada ya wachunguzi, safari yake ya kwanza huwa ni uhasibu. Anaomba hati za malipo za robo mwaka, anazidisha siku kwa kiwango, anajumlisha, anakuta hesabu imekaa, anafunga jalada. Hesabu hukaa karibu kila mara, kwa sababu mhasibu si mtoto mdogo. Tatizo liko mbali na kikokotoo: aliyelipwa hafanyi kazi iliyomstahilisha malipo yale, au anaifanya kweli lakini mfumo unamtambua kwa kada nyingine, na mwenzake mwenye cheo kinachofaa anakaa ofisini akisaini barua. Ndiyo maana mwongozo huu unageuza utaratibu. Tunaanza na kazi, tunakwenda kwenye cheo, halafu saa, na pesa inakuja mwisho.

Ninaposema wachunguzi simaanishi TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa) peke yake. Mwanza na mwambao wote wa ziwa kuna maafisa uvuvi wanaofanya doria, maafisa kazi wanaokagua viwanda vya samaki, watu wa vipimo, wa mazingira, wa afya, wa mapato ya halmashauri. Wote hao, kwa wakati fulani, hukusanya ushahidi, huhoji, hukamata vielelezo na kwenda mahakamani. Polisi nawaweka kando. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ambayo tutaitegemea sana kwenye suala la saa, haiwahusu askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Watumishi wengine wa umma Tanzania Bara imewataja waziwazi kuwa inawahusu.

Hatua ya 1: Pata muundo wa utumishi wa kada husika

Usianze na barua za watu. Anza na waraka wa muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada unayoikagua, ule unaotolewa na Ofisi ya Rais inayoshughulikia utumishi. Humo utakuta sifa za kuingia, majukumu ya kila daraja na ngazi ya mshahara. Hakikisha unao ule unaotumika sasa. Kwenye masijala nyingi bado kuna miundo ya zamani iliyotolewa nakala ya nakala mpaka herufi zimefifia, na afisa utumishi anaitumia kwa sababu ndiyo aliyoikuta.

Soma majukumu kwa kalamu mkononi. Piga mstari kila penye kuchunguza, kukagua, kuhoji, kukamata, kuandaa jalada la kesi, kutoa ushahidi. Utaona kwamba ndani ya kada moja daraja la chini linaweza kuwa la kukusanya takwimu na kuelimisha, na la juu likabeba usimamizi wa sheria. Afisa Uvuvi na Afisa Uvuvi Msaidizi wote huitwa "bwana samaki" pale mwaloni (boti za uvuvi zinapotia nanga na kushusha samaki), mvuvi hana haja ya kuwatofautisha. Wewe unayo.

Kisha chukua Tange (orodha ya watumishi na vyeo vyao) na taarifa za HCMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za watumishi na mishahara, za watu wa idara hiyo, uweke safu tatu kwenye karatasi: jina la cheo kwenye barua ya mwisho, jina la cheo kwenye mfumo, na kituo anachofanyia kazi kwa sasa. Barua na mfumo zikitofautiana, hapo tayari una hoja, hata kabla hujamwona mtu. Mara nyingi sababu ni ya kawaida tu, kama barua ya kupandishwa daraja iliyochelewa kuingizwa. Iandike hivyohivyo bila kuipaka rangi ya wizi.

Hatua ya 2: Fuatilia wiki nne za kazi halisi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Chagua wiki nne zilizokwisha, zinazofuatana, na ujenge picha ya alichofanya kila mtumishi siku kwa siku.

Kwa nini wiki nne? Sababu ya kwanza ni ya kisheria: kikomo cha saa za ziada kwenye sheria ya 2004 kimewekwa kwa mzunguko wa wiki nne. Sababu ya pili ni ya ziwa lenyewe. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, kambi nyingi hupumzika, watu wanashona nyavu na kwenda kusalimia nyumbani. Mkaguzi anayechukua wiki mbili za giza atahitimisha kwamba afisa wa doria anaishi majini. Anayechukua wiki mbili za mbalamwezi atasema jamaa ni wa kunywa chai ofisini. Wiki nne zinakupa karibu mwezi mzima wa angani, na haki inatendeka kwa wote.

Vyanzo vyako ni hivi: daftari la mahudhurio, daftari la doria, kitabu cha safari cha gari na cha boti, malengo na utekelezaji kwenye PEPMIS (mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma), barua za wito wa mahakama, orodha ya vielelezo, na barua pepe za ofisi ukizipata kihalali. PEPMIS isikubabaishe. Inaonyesha alichopanga na alichojaza, na watu wengi hujaza robo nzima siku moja jioni tarehe ya mwisho ikiwa mlangoni.

Halafu kaa naye. Usimwite kama mtuhumiwa. Kama ni mtu mzima kukuzidi, anza na shikamoo yako, uliza hali ya familia, kisha nenda kwenye shughuli:

"Mzee wangu, naomba unitembeze kwenye wiki ile ya tarehe kumi na mbili. Jumatatu uliripoti hapa au ulikwenda moja kwa moja Igombe?"

Swali la namna hii halina mtego na linajibika. Ukimuuliza "Je, wewe ni mchunguzi?" atasema ndiyo, na hujapata kitu. Mwache asimulie. Mtu aliyekuwa kwenye doria atakumbuka upepo, atakumbuka mashine ya boti iliyogoma, atakumbuka waliokimbia na kuacha kokoro (wavu wa kukokotwa) majini. Ambaye hakuwepo atakwambia "tulifanya doria ya kawaida, hali ilikuwa shwari."

Gawa muda wake kwa mafungu machache: uchunguzi na usimamizi wa sheria, leseni, vibali na ukusanyaji wa mapato, takwimu na elimu kwa wavuvi, utawala na vikao, mengineyo. Usitengeneze mafungu kumi na tano, yatakuchosha na hayatabadilisha jibu. Unachotaka ni jambo moja: zaidi ya nusu ya muda wake unakwenda wapi?

Hatua ya 3: Pambanisha kazi na cheo

Sasa weka matokeo ya hatua ya pili kando ya muundo wa hatua ya kwanza.

Wapo ambao cheo na kazi vinalingana. Waweke pembeni, tutakutana nao kwenye saa.

Wapo wenye cheo cha uchunguzi ambao kazi yao, ukihesabu, ni utawala. Afisa alihamishiwa makao makuu ya mkoa, akakabidhiwa kuandaa taarifa na kuratibu vikao, na kwa mwaka mzima hajafungua jalada. Hajafanya kosa, alihamishwa. Ila kama kuna posho inayofuata kazi ya uwandani au ya usiku, haistahili kuendelea kumfuata kwenye meza mpya. Hapa ndipo fedha nyingi huvuja kimyakimya, maana hakuna anayelalamika.

Marekani walilipata tatizo hilihili kwa ukubwa wake. Wachunguzi wa makosa ya jinai wa serikali kuu wana kundi lao la vyeo, namba 1811, na kwa sheria ya 1994 hulipwa nyongeza ya asilimia 25 ya mshahara kwa kuwa tayari kuitwa wakati wowote. Sharti ni kwamba kwa wastani wa mwaka wafanye angalau saa 2 zisizopangwa kwa kila siku ya kazi, na kila mwaka mtumishi na msimamizi wake wathibitishe hivyo kwa maandishi. Kuna nyongeza nyingine, ya asilimia 10 hadi 25, kwa ajili ya saa za ziada ambazo uongozi hauwezi kuzipanga mapema. Oktoba 2013 Ofisi ya Mwanasheria Maalumu wa nchi hiyo ilimwandikia Rais kuhusu nyongeza hii ya pili kwenye Wizara ya Usalama wa Ndani: watu wa mezani, hata walioko vyuo vya mafunzo, walikuwa wakijiandikia saa mbili za ziada karibu kila siku. Katika ofisi sita tu gharama ilikadiriwa kufikia dola milioni 8.7 kwa mwaka. Mwaka uliofuata Bunge lao likatunga sheria mpya ya malipo ya askari wa doria za mipakani. Sisi hatuna nyongeza ya asilimia kama hiyo kwa maafisa wetu wa doria, lakini tabia ni ileile: malipo yaliyobuniwa kwa kazi isiyotabirika yanageuka kuwa sehemu ya mshahara.

Na wapo wa upande wa pili, ambao wakaguzi wengi hawawatafuti kwa sababu hawaingizi kitu kwenye safu ya "fedha za kurejeshwa". Huyu ni msaidizi, au dereva wa boti, au mtendaji aliyeazimwa, ambaye kwa wiki nne zile ndiye aliyehoji mashahidi, ndiye aliyejaza hati za ukamataji, ndiye aliyesimama mbele ya hakimu. Cheo chake hakimpi mamlaka hayo wala mshahara huo. Kwa maoni yangu huyu ni hatari kubwa kuliko yule wa mezani. Wakili wa utetezi akiuliza "Wewe ulikamata kwa mamlaka gani?" na jibu likakosekana, kesi inaanguka na nyavu zinarudishwa kwa mwenyewe. Iandike hoja hiyo hata kama haina shilingi.

Hapo utasikia kauli, "Huyo anakaimu." Usiipokee. Kukaimu ni kwa nafasi ya madaraka iliyo wazi, kunafanyika kwa barua, na kuna ukomo wa miezi 6. Mtu hawezi kukaimu kada. Kama ana sifa, njia ni kubadilishiwa kada kwa kibali cha Katibu Mkuu Utumishi, nafasi ikiwa imo kwenye ikama (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa) na bajeti. Kama hana sifa, aache kufanya kazi hiyo na mkuu wa idara ajibu kwa nini alimpa.

Hatua ya 4: Thibitisha saa

Kanuni yangu hapa ni rahisi: saa moja ya ziada, vithibitisho viwili vinavyotoka kwa watu wawili tofauti. Fomu ya madai iliyojazwa na mdai na kusainiwa na bosi wake ni kithibitisho kimoja, si viwili, maana bosi husaini alicholetewa.

Kithibitisho cha pili kinategemea kazi. Kwa doria ya majini, tafuta kitabu cha boti na risiti ya petroli. Mashine za boti hula mafuta kwa saa, na nahodha yeyote wa idara atakwambia yake inakula kiasi gani. Doria ya saa sita iliyotumia mafuta ya kuvuka kutoka Kirumba kwenda na kurudi mwalo wa jirani ina maelezo ya kutoa. Kwa ukamataji, tafuta namba ya taarifa kituo cha polisi na hati ya kukamata mali, na uangalie muda ulioandikwa, si tarehe tu. Kwa mahojiano, maelezo ya shahidi huwa na saa ya kuanza na ya kumaliza. Vikundi vya ulinzi shirikishi vya mialoni navyo vina daftari zao, zimechakaa na zinanuka dagaa, lakini zinasema nani alikuja na saa ngapi. Kaa na mwenyekiti wa kikundi, mpe heshima yake, atakuonyesha.

Kalenda ya mwezi tumia vilevile. Madai ya "doria ya usiku dhidi ya uvuvi haramu wa dagaa" yaliyorundikana kwenye siku za mwezi mpevu hayathibitishi udanganyifu, kwa sababu kokoro huvutwa hata mchana, na wahalifu nao wanajua kalenda. Lakini yanahalalisha swali.

Angalia na njia. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya hapo mtu aliyetoka Mwanza mjini kwenda Sengerema kikazi aliweza kweli kupoteza saa nzima na zaidi akisubiri kivuko, na kurudi usiku kulieleweka. Baada ya tarehe hiyo, dai linaloendelea kubeba "kusubiri kivuko Kigongo" limenakiliwa kutoka fomu ya zamani. Nansio ni habari nyingine. Huko bado kuna ratiba ya meli, na tiketi ya meli ina tarehe. Iombe.

Tenganisha saa za dharura na za kupangwa. Sheria inalegeza masharti ya saa pale kazi inapokuwa ya dharura iliyo nje ya uwezo wa mwajiri na isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida. Boti kuzama ni dharura. Operesheni iliyoandikiwa dokezo wiki tatu kabla, ikaombewa mafuta na posho, si dharura hata ikipewa jina kali.

Hatua ya 5: Sasa hesabu

Kwanza jua ofisi yako inalipa kwa utaratibu upi. Sehemu nyingi za serikali hulipa posho ya kazi za ziada kwa kiwango cha siku kilichowekwa na waraka, kinachotofautiana kwa ngazi ya mshahara. Baadhi ya taasisi hulipa ovataimu kwa saa. Soma waraka unaotumika kwa tarehe za madai, si wa leo. Ukishajua, tumia sheria ya 2004 kama kipimo cha chini, uone kama mtumishi hajapunjwa na kama hajafanyishwa kazi kupita kiasi.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Saa ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5, na kama ni saa ya ziada basi asilimia hiyo hupigwa kwenye kiwango cha saa ya ziada. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara mbili. Saa za ziada zisizidi 50 kwa wiki nne, na mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, ikihesabiwa saa 24 tangu muda wake wa kawaida wa kuanza. Wasimamizi wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo kwenye masharti haya, kwa hiyo mkuu wa idara asikuletee madai ya saa.

Tufanye mfano. Mtumishi wa mshahara wa shilingi 780,000 kwa mwezi, saa 40 kwa wiki, anaingia saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa tisa na nusu alasiri. Sheria inakutaka ugawe mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara saa za wiki. Hiyo ni 173.32, na jibu ni takriban shilingi 4,500 kwa saa. Saa ya ziada ni 6,750. Saa ya ziada ya usiku ni 6,750 pamoja na asilimia 5 yake, jumla 7,087.50. Akikaa kwenye doria kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita usiku, ni saa 4, shilingi 28,350.

Sasa ongeza saa moja tu, doria iishe saa saba usiku. Kwa pesa ni kitu kidogo. Lakini asubuhi alifanya saa 8, usiku 5, jumla 13, na kikomo ni 12. Zaidi ya hapo, sheria inampa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza na kuanza tena, yanayoweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi pale katikati ya kazi panapokuwa na pengo la angalau saa 3. Mtu aliyemaliza saa saba usiku na kusaini daftari saa moja na nusu asubuhi amelala saa sita na nusu, kama nyumbani kwake ni pale pale ufukweni. Kwa hiyo ama saa ni za uongo, ama daftari la asubuhi ni la uongo, ama msimamizi anavunja sheria. Lolote kati ya hayo ni hoja, na hukulipata kwa kuangalia jumla iliyo chini ya hati ya malipo.

Kwa doria za saa 4 za namna hii, usiku 12 kwa wiki nne ni saa 48. Usiku wa 13 unavuka kikomo. Kumbuka hilo unapokuta mtu ana usiku ishirini na kitu.

Baada ya hapo, tafuta malipo mawili kwa muda mmoja. Orodhesha tarehe zote alizolipwa posho ya kujikimu akiwa safarini, kisha zile alizolipwa posho ya kazi za ziada kituoni. Tarehe zinazogongana zitajitokeza zenyewe. Fanya hivyo kati ya mafungu ya bajeti pia. Doria moja inaweza kulipwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri na kutoka kwenye mradi, na wahasibu wa pande hizo mbili hawajuani.

Posho inayolipwa kwa kiwango kimoja kila mwezi kwa idara nzima, mvua inyeshe isinyeshe, naiandika hoja bila hata kufungua jedwali. Saa za ziada hazilingani mwezi hadi mwezi kwenye kazi ya ziwani. Zikilingana, hakuna aliyezihesabu.

Hatua ya 6: Angalia idhini

Hapa ni haraka. Dokezo la kuomba liwe na tarehe ya kabla ya kazi, limpitie afisa masuuli (mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi) au aliyekasimiwa kwa maandishi, lionyeshe majina, sababu na kifungu cha bajeti. Idhini ya baada ya kazi ikubalike kwa dharura tu, na dharura ielezwe. Angalia pia kama aliyeidhinisha yumo kwenye orodha ya wanaolipwa. Inatokea.

Hatua ya 7: Wape nafasi ya kujibu

Kabla hujaandika taarifa, mpe kila aliyeguswa maelezo ya kinachomhusu na siku za kujibu, kwa barua, na afunge jibu kwa nyaraka. Nusu ya hoja zangu kali hupungua makali hapa, na ndivyo inavyotakiwa. Dereva analeta kitabu cha safari kilichokuwa kwenye gari lililoharibikia Misungwi. Afisa analeta wito wa mahakama uliomtoa doria usiku ule. Usichukie.

Ukimhoji mtumishi wa ngazi ya chini, msimamizi wake asiwepo chumbani. Vijana wengi wa doria hawadai hata walichostahili kwa sababu fomu ziko kwa bosi, na hawatasema hivyo bosi akiwa ameketi pembeni anachezea simu.

Hatua ya 8: Andika, rekebisha, fuatilia

Taarifa iwe fupi. Kila hoja iwe na: kilichotakiwa na kilikotoka, kilichokutwa na ushahidi wake, kiasi kama kipo, sababu, na nani afanye nini kabla ya tarehe gani. Neno "uimarishwe" lifute kila unapolikuta. "Udhibiti uimarishwe" halina mtu wala tarehe, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akija mwakani atalikuta palepale.

Mapendekezo nayo yatofautiane kulingana na ulichokuta. Aliyelipwa bila kufanya kazi arejeshe kwa makato yaliyopangwa, baada ya kusikilizwa. Aliyepunjwa aandikiwe madai kama malimbikizo, na uyaweke kwenye taarifa yako kwa herufi zilezile ulizotumia kwa anayerejesha. Ambaye kada yake haiendani na kazi apelekwe kwenye mchakato wa kubadilishiwa kada, na hapo mtahadharishe afisa utumishi kuhusu mshahara binafsi ili mtu asishushwe mshahara kwa sababu ya kubadilishiwa jina la cheo. Nafasi inayokosekana iingie kwenye ikama ya mwaka ujao. Ukikosa dirisha hilo, mwaka mzima umepotea.

Ukikuta fomu za kughushi, saini za watu waliokuwa likizo, tarehe zilizofutwa kwa korekta, hiyo si kazi yako kuimaliza. Kutumia nyaraka kumpotosha mwajiri ni kosa chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hifadhi nakala halisi, weka kumbukumbu ya nani amezishika, mjulishe afisa masuuli kwa maandishi, na suala liende TAKUKURU. Kama anayetuhumiwa ni wa TAKUKURU au ni afisa masuuli mwenyewe, lipandishe kwa mamlaka iliyo juu yake na usilipitishe mezani kwake.

Mtumishi asiyeridhika na uamuzi wa nidhamu ana njia ya rufaa ndani ya utumishi wa umma, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize kwanza njia hizo kabla ya kwenda kwenye vyombo vya sheria za kazi. Mweleze hivyo mapema, na kwenye barua, kwa sababu wengi hukimbilia kwingine, wanarudishwa, na muda wa rufaa unakuwa umekwisha.

Baada ya robo mwaka chukua tena wiki nne nyingine za watu walewale. Si lazima idara nzima, watatu au wanne wanatosha, lakini wewe ndiye uwachague, na majina yao usiyataje kwa mkuu wa idara mpaka siku ya kuanza.